Meza ya Benitha

Kwa miaka kumi na mmoja Nikuze alichambua kahawa katika ghala moja huko Nkwenda, ameketi sakafuni, mgongo umepinda. Siku aliyomwona Benitha, aliyeajiriwa juzijuzi tu, amewekewa meza na kiti chenye egemeo, tena anaruhusiwa kupumzika kila baada ya saa moja, roho ilimuuma.

Akaapa kumshinda. Asubuhi nzima hakuinua kichwa wala kunyoosha miguu. Saa sita kahawa ilipopimwa, Benitha alikuwa amemzidi debe zima. Nikuze akajaribu kusimama, kiuno kikagoma. Benitha akaja kumshika mkono.

“Msimamizi amekupendea nini wewe?” Nikuze alifoka, machozi yakimlenga.

“Niliomba, dada. Nilimwambia mgongo unaniuma. Wewe uliwahi kumwambia?”

Miaka yote Nikuze alikuwa akijisifu kwamba hachoki.

Jioni alijikokota hadi kwa msimamizi, Byarugaba, akamweleza maumivu yake. Byarugaba akampima urefu akiwa ameketi ili meza imfae, na wiki iliyofuata wanawake wote wanane wa ghala hilo wakawa na meza na mapumziko. Nikuze alifurahi, ila ilimkera bado kwamba Benitha ndiye aliyetangulia kusema.