Fundi wa Mkono Mgongoni

Kabla ya kufungua boksi la umeme kwenye mashine ya kusaga mahindi ya Mama Uwera, pale Rwekubo, fundi huweka mkono wa kushoto mgongoni ili umeme usipitie moyoni, husimama pembeni na kugeuza uso kama mtu aliyekutana na mama mkwe njiani. Nyusi zake ziliungua zamani boksi kama hilo lilipomlipukia, hazijaota tena. Mama Uwera humcheka, lakini chai humwekea. Fyuzi ikiungua, wenye mashine wengine hufunga kipande cha waya mahali pake, kazi ikaendelea. Yeye waya huung'oa, akaweka fyuzi nene ya kaure aliyoifuata mpaka Mbarara. "Waya haijui kufa, mama," husema taratibu.

Jumanne moja, Mama Uwera akiwa ameshika swichi, panya aliyejipenyeza ndani ya boksi aligusa nyaya mbili. Ukasikika mlio mdogo tu, mashine ikanyamaza. Fundi alikuja akaipasua ile fyuzi: mchanga uliojazwa ndani ulikuwa umeyeyuka, umekuwa donge la kioo. "Moto yote ilibakia humu," alisema. "Hii imekufa pa fasi yako. Ingekuwa waya, moto ingekufikia wewe." Safari hii Mama Uwera hakucheka. Kesho yake aliwasha mashine akiwa amesimama pembeni, uso kando, mkono wa kushoto mgongoni.