Mgonjwa Namba 417 Hapatikani

Ofisini walimwita Bi Idadi, naye aliitika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa masjala ya saratani katika hospitali ya mkoa: chumba kimoja kati ya maabara na stoo ya mashuka. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayeugua saratani mkoani bila kuhesabiwa, na aliifanya vizuri kupita kiasi. Kila ripoti ilipotoka, mkoa wake uliongoza nchi nzima, na wakubwa wakaja juu: maji yao yana nini, udongo wao una nini? Bi Idadi aliwajibu kwa barua fupi kwamba maji ni yale yale, ila mikoa mingine haihesabu. Barua ilipokewa kwa shukrani, na uchunguzi wa maji ukaendelea.

Miaka mitano iliyopita aliingia kwenye hesabu yake mwenyewe. Uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya mahindi. Enzi anaanza kazi, uvimbe wa namna hiyo ulikuwa ukiondoka na titi zima, na mara nyingi mwenye titi akafuata. Yeye walimtoa uvimbe tu, wakampiga mionzi wiki tatu badala ya sita za zamani, wakampa kidonge cha kumeza kila siku. Akiwa bado kitandani, dripu mkononi, aliomba fomu ajisajili mwenyewe, asije mtu akakosea. Akapata namba 417.

Mgonjwa akitimiza miaka mitano, masjala humtafuta kwa simu. Orodha haina majina, siri za watu zibaki siri. Ina namba ya faili na namba ya simu, basi. Asiyepatikana mara tatu huandikwa "hajulikani alipo". Maneno hayo Bi Idadi aliyachukia kuliko saratani yenyewe, maana saratani angalau ina anwani.

Mwaka huu orodha waligawana. Yeye alipiga kwa simu ya mezani, kutwa nzima. Mwenzake wa meza ya pili alipiga kwa simu ya mkononi. Huyu aliitwa Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha hesabu, na hakuwahi kuacha kusahihisha watu.

"Wangu wote nimewapata," alisema Mwalimu Alhamisi asubuhi, "kasoro mmoja. 417. Siku tatu napiga, simu inatumika tu. Huyo mtu ana maneno!"

Bi Idadi aliweka kalamu chini. "Hebu piga tena."

Mwalimu akapiga. Simu ya mezani ikalia. Waliitazama wote wawili, kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Pale kitandani, mkono wake ulikuwa umeandika kwa mazoea namba aliyoijua kuliko zote, ya meza yake. Mwalimu hakuitambua, nani hujipigia ofisini kwake?

"Basi andika hai, yaishe," alisema Bi Idadi.

"Hai naandika, nakuona. Lakini kuna safu ya pili. Ugonjwa umerudi, haujarudi? Hapo wanataka kipimo cha mwaka huu."

"Niandikie tu, Mwalimu."

"Hiyo kanuni aliiandika nani?"

Aliiandika yeye. Na kipimo chake cha mwisho kilikuwa cha miaka miwili nyuma. Tangu hapo alikuwa na shughuli ya kuwagombeza wengine kwa simu: "Sasa mama, usipokuja kupimwa unamkomoa nani?" Katika orodha yake, wanawake kama yeye, tisini katika mia walifika hapa salama. Shida ni kwamba wale kumi aliwajua, faili kwa faili.

Jioni alimwambia mumewe, fundi saa. Mume akatua koleo lake.

"Miaka miwili! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nawapigia watu waende."

"Ehe. Kinyozi hajinyoi, mke wangu. Lakini huenda kwa kinyozi mwenzake."

Jumatatu walikwenda pamoja, mume na saa ya mteja mfukoni, ambayo ilichagua kulia katikati ya ukimya wa chumba cha kusubiri. Baada ya picha ya titi, daktari aliikodolea macho skrini. Bi Idadi, kwa ugonjwa wake wa pili, alihesabu: sekunde hamsini na moja.

"Mama, humu hamna habari," alisema daktari.

"Hamna habari ndiyo nini?"

"Ndiyo habari njema. Na vidonge basi, umemaliza. Ila mwakani uje bila kutafutwa."

Kesho yake Mwalimu alikataa kuipokea karatasi ya daktari hivi hivi. Alichukua simu yake, akabonyeza. Ya mezani ikalia, hatua mbili kutoka alipoketi.

"Masjala, karibu."

"Shikamoo mama," alisema Mwalimu, ambaye ndiye aliyemzidi umri kwa miaka sita. "Namtafuta mgonjwa namba 417."

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi."

"Vipi, ugonjwa umerudi?"

Swali hilo alikuwa ameliuliza maelfu ya mara. Kulijibu hakuwahi.

"Haujarudi."

"Na simu ya uhakika?"

Akataja ya mumewe. Mwalimu aliandika taratibu, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto wa mkubwa.

"Tayari?"

"Tayari. Hongera, mama."

"Asante. Sasa kata, Mwalimu. Kuna watu nataka kuwagombeza."