Mashine Ilisema Thelathini na Mbili

Nilimkuta mzee wa miaka sabini na moja akimimina sufuria ya maji ya moto kwenye bwawa la kuogelea.

Sio beseni, wadau. Bwawa. Lita elfu hamsini.

Sufuria ilikuwa ile kubwa ya jikoni, ameishika kwa vitambaa viwili, mvuke unampiga usoni.

"Shikamoo, Mzee. Kulikoni?"

"Marahaba, fundi. Napasha kona hii tu, ya ngazi. Mke wangu huingilia hapa."

Ningecheka, ila aliyefunga mashine ya kupasha maji ya lile bwawa ni mimi.

Kazi yangu ni mabwawa ya majumbani. Nasafisha, natia dawa, nafunga mashine za joto. Mtaani wananiita Maji Moto, na hilo jina nilikuwa nalipenda sana kabla ya siku ile.

Miezi miwili nyuma, Mzee alinipigia simu. Mkewe alikuwa amepata kiharusi, mguu wa kushoto ukalala. Mtaalamu wa viungo akashauri afanye mazoezi ndani ya maji ya nyuzi thelathini na mbili, maana ya baridi yangemkaza misuli. Bwawa walikuwa nalo, la tangu watoto wao wakiwa wadogo. Kilichokosekana ni joto.

Nikafunga mashine, nikawaachia na turubai la kufunikia ili joto lisitoroke. Siku hiyo nilikuwa mbio mbio, nyumba nyingine wananisubiri, simu haipumui. Nikaijaribu kidogo, ikaunguruma vizuri, nikarudisha mfuniko, huyo nikaondoka.

Wiki haijaisha, simu.

"Fundi, mama anasema maji ni ya baridi."

"Kioo cha mashine kinasemaje, Mzee?"

"Thelathini na mbili."

"Basi yana joto hayo. Funika bwawa vizuri, upepo unakuibia."

Mzee alikuwa mpima ardhi hadi anastaafu. Maisha yake yote ameamini vyombo. Akawa analifunika lile bwawa kama mtoto mchanga, tena kwa ratiba.

Akapiga tena. Hata yeye akitia mkono, anaona hayajamkolea. Nikamwambia mkono wa mtu mzima unawahi kuhisi baridi. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi.

Mara ya tatu akasema, "Mama anadai hata ule mguu mbovu unahisi baridi."

Na mimi, mjuaji, nikajibu, "Mzee, mguu uliopooza utahisije baridi? Hayo ni mawazo tu."

"Kweli," akasema.

Hakupiga tena. Nikajua mambo yametulia. Siku ya sufuria nilikuwa nimekuja kwa ukaguzi wangu wa kawaida.

Nikavua kiatu, nikatumbukiza mguu bwawani. Nikautoa upesi.

Nikaenda nyuma ya ukuta iliko mashine. Kioo kinasoma thelathini na mbili, bila wasiwasi. Nikafungua mfuniko.

Kipima joto ni kidude kidogo cha shaba chenye waya. Kinatakiwa kichomekwe kwenye bomba linaloleta maji kutoka bwawani. Hiki kilikuwa kinaning'inia ndani ya mashine, kando ya mota, pale pale nilipokiacha siku ya kujaribu.

Yaani mashine ilikuwa inajipima joto lake yenyewe. Ikichemka kidogo tu, inadhani kazi imekwisha, inajizima.

Nikakichomeka mahali pake. Namba zikaporomoka hadi ishirini na tatu, na mimi nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Mzee akanifuata. "Umegundua nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Kipima joto kiliharibika, Mzee. Vidude hivi ndivyo vilivyo. Nimeshakiweka sawa, siku tatu tu maji yatakuwa safi."

Akanishukuru. Akanishika bega, akanipeleka sebuleni nimsalimie mama.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni. Maneno yake yalitoka polepole, mdomo ukivuta upande mmoja.

"Kiliharibika lini, mwanangu?"

"Si muda mrefu, mama. Labda wiki mbili hizi."

"Kwa hiyo mwezi ule wa mwanzo maji yalikuwa ya moto."

"Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani. Mzee akamrekebishia blanketi ambalo lilikuwa limekaa vizuri tu.

Aliponisindikiza getini, nikamuuliza mbona mama amebadilika ghafla.

"Daktari alimwambia, siku mguu ukianza kutambua moto na baridi, ajue unarudi. Mwezi ule wa mwanzo alisema unahisi baridi. Alifurahi sana, fundi. Nikamwambia ulichoniambia wewe. Tangu hapo hajagusa maji. Mimi napasha ile kona kila siku, labda atashawishika."

Pikipiki nilishaiwasha. Nikaizima.

Nilirudi ndani, nikapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama, nimekudanganya. Hakikuharibika. Nilikisahau mimi, siku ile ile ya kwanza. Maji ya bwawa lako hayajawahi kuwa ya moto."

Mzee alinitamkia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilistahili yote.

Mama alishusha mkono, akaushika mguu wa kushoto, akawa anausugua taratibu.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," akauambia. Machozi yanamtoka, na upande mmoja wa mdomo unacheka.

Angenitukana, ningepata nafuu. Badala yake akamgeukia mumewe. "Niletee nguo yangu ya kuogelea."

"Maji bado ni ya baridi, mke wangu."

"Najua," akasema. "Si niliwaambia?"

Leo anatembea kwa fimbo, kutoka sebuleni hadi bwawani. Mtaalamu anasema asingepoteza zile wiki, huenda hata fimbo angekuwa ameshaiacha. Hilo silisahau, na Mzee hadi leo akinisalimia hanipi mkono.

Siku hizi siondoki nyumbani kwa mtu kabla sijavua viatu nikaingia majini mwenyewe. Na wewe unayesoma hapa, mtu wako akikwambia anahisi baridi, usimsomee namba. Nenda kaguse maji.