Kifuniko cha Ndoo ya Msasa

Wifi yangu hakuwa mtu wa kupendeza, na sitaanza leo kumpamba kwa sababu tu nilimmaliza. Alikuwa mkaidi, maneno yake machache, na akinuna nyumba nzima inajua imekosa. Kaka yangu alimwoa, akafa mapema, akatuachia vyumba viwili tutazamane. Tuliendelea kukaa pamoja kwa kuwa hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Mimi nilipika, yeye alifua. Sukari yangu niliificha, naye alijua nilipoificha lakini hakuigusa. Hilo nalo lilinikera.

Na ndiye aliyenitafutia kazi kiwandani. Getini pameandikwa NISHATI SAFI kwa herufi ndefu kuliko mlinzi. Ndani kuna mabwawa ya saruji yenye maji ya kijani, na ukijani huo ni chembe za mwani, ndogo hata jicho halizioni, ambazo zikikaushwa hukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Tabu ni kuzitoa majini. Ukizichuja ni kuchota maji kwa pakacha. Kwa hiyo maji huingizwa kwenye tangi lenye mabati ya alumini yaliyosimama kama vitabu rafuni, umeme unawashwa, chembe zinashikana, vipovu vinazipandisha juu. Sisi wengine tulikwangua povu kwa mbao. Wifi ndiye aliyekuwa wa mabati.

Kila baada ya saa mbili alizima umeme, akabadilisha nyaya, ya huku ikaenda kule, ili mabati yachakae sawasawa. Kisha akayatoa moja moja na kuyasugua ukoko kwa brashi. Viganja vyake vilikuwa vikali hata akikupa mkono unajikuna. Wakamwita Msasa, naye akaitika, maana jina la kazi halikumsumbua.

Siku moja alipitisha kidole gumba ukingoni mwa bati, akamwita fundi mkuu. "Fundi, mabati yanaliwa."

"Na nani?"

"Na umeme."

"Umeme una meno, Msasa?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimengoja siku nyingi nipate pa kumchekea.

Fundi alijua. Alisomea kazi ile, hakuweza kukosa kujua kwamba alumini inayoyeyuka ndiyo inayoshikanisha chembe, na kwamba bila bati kuliwa hakuna povu. Lakini alikwisha kumwambia tajiri mwenye kiwanda kwamba mabati yatadumu miaka mitano, na mtu aliyeapa mbele ya tajiri hatengui kirahisi.

Ndipo akaja meneja mpya na mizani yake. Alipima kila kitu, nadhani hata mkewe alimpima kabla ya posa. Alipoyafikia mabati akakuta yamepungua theluthi. "Alumini haina miguu," alisema. Aliyeyashika mabati ni mtu mmoja tu, na nje ya geti wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila siku wakipiga kengele.

Wiki hiyohiyo barua ya Msasa ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi ya meneja. Alikuwa kibarua miaka sita. Alishapiga pasi gauni la kwenda kuipokelea.

Waliniita ofisini saa nne asubuhi. Msasa alikuwa amesimama, meneja amekaa, fundi mkuu yuko dirishani.

"Mama, huyu unakaa naye nyumba moja?"

"Ndiyo. Ni wifi yangu."

"Umewahi kuona bati la kiwanda huko kwenu?"

Nilimtazama fundi. Nilikuwepo siku alipomtupia Msasa bati bovu lililotoboka pembeni, akasema, "Chukua hili, limekwisha, kafunikie ndoo." Sasa fundi alikuwa anafuta miwani, kwa bidii, kama miwani ya watu kumi. Nikaona nikimtaja yeye, mkate wangu umeingia mchanga. Huo ndio udhuru ninaoutoa kwa watu. Wenyewe hasa ni kwamba Msasa akipata ile barua angekuwa mkubwa wangu, kazini na nyumbani, na roho yangu ilikataa.

"Lipo moja," nikasema. "Anafunikia ndoo ya maji."

Hakukuwa na neno la uongo hapo, na ndiyo maana lilimmaliza.

Msasa hakumtazama meneja. Alinitazama mimi. "Wifi," alisema taratibu, "malizia."

Sikumalizia.

Alipojitetea kwamba amepewa na fundi, fundi alisema hakumbuki. Meneja akamwonyesha ile barua, akamwacha asome jina lake mpaka mwisho, kisha akaichana. Mchana walinzi wawili walimfuata nyumbani, majirani wamejaa mlangoni. Alilitoa bati juu ya ndoo, akalifuta maji kwa upindo wa gauni lile la pasi, akawakabidhi kwa mikono miwili.

Tangu hapo anafulia watu. Wanamhesabia nguo akija, wanamhesabia akiondoka. Watoto wa mtaani wanapiga kengele kwa midomo akipita.

Nafasi yake nilipewa mimi. Mwezi wa tatu nilipitisha gumba ukingoni, nikakuta bati limeliwa. Meneja akaja na mizani, yamepungua. Nilianza kulia kabla sijaulizwa. Fundi akakohoa, akasema, "Hayo ni matumizi ya kawaida, bosi. Lazima yaliwe." Tajiri wa zamani alikuwa ameshauza hisa zake, hakukuwa na wa kumwogopa tena. Meneja akaandika daftarini: mabati hupungua yenyewe. Akaenda kunywa chai. Jina la Msasa halikutajwa, wala mimi sikulitaja.

Nilimweleza jioni, kwa sababu lilikuwa linanichoma. Alikuwa anakamua shuka la watu. Ndoo yetu imefunikwa sinia lisiloenea.

"Wameandika?"

"Wameandika."

"Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, wifi."

Akaanika shuka, akalinyoosha pembe zote nne. "Basi kesho waambie wanirudishie kifuniko changu."

Nikasema nitawaambia.

Kifuniko kimetundikwa ukutani stoo ya kiwanda, juu ya glavu, na kikaratasi kimeandikwa MWIZI, na chini yake jina lake. Kila asubuhi nanyoosha mkono chini yake nachukua glavu. Huu ni mwaka wa pili, sijawaambia. Nikirudi nyumbani, Msasa hutazama kwanza mikono yangu, akiona mitupu ndipo huitikia salamu.