Nafasi ya Hewa Kwenye Chupa

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea udaktari usio wa hospitali. Nieleze nilivyoelewa, na huenda nimekosea: hewa ya ukaa inayotoka viwandani inanaswa kabla haijapanda angani, inashindiliwa chini kwenye mawe ya moto, kisha inarudi juu na joto la kuzungusha mitambo ya umeme. Yeye anachunguza hewa hiyo inavyokaa ndani ya maji ya chini. Ndiyo maana alikuja kuchota maji ya chemchemi vuguvugu bondeni, upande wa Mnazi, nami nikawa mbebaji.

"Daktari wa mawe," nilimtania, "sindano unayachoma wapi?"

"Mjomba, wewe endesha pikipiki."

Alijaza chupa kumi na mbili, akabaki kupima joto, akanituma nitangulize mzigo nyumbani Mtae. Mimi nimebeba maziwa miaka mingi. Kwa barabara yetu chupa haijazwi hadi mdomoni. Ikitikiswa inasukuma kifuniko. Basi kwenye kona ya kwanza nikasimama, nikamwaga kidogo kila moja, nikafunga vizuri. Niliona nimemsaidia.

Jioni alipozitazama aliona kila moja imepungua. Hewa aliyoifuata imo ndani ya maji. Ikipata nafasi juu inatoka, na kipimo kinasema uongo. Alikuwa amebakiza siku moja tu aondoke, na sura nzima ya kitabu chake cha udaktari ilingojea maji yale.

"Vifuniko vimevuja. Yule muuzaji wa chupa wa Muheza kaniuzia takataka." Akachukua simu ampigie.

Nikiri, simu ilikuwa imeshaanza kuita ndipo nikasema, "Kata. Ni mimi niliyeyamwaga."

Akakata. "Kwa nini, mjomba?"

"Kama maziwa."

Hakucheka. Baadaye alisema naye hakuniambia nisifungue. Ni kweli, ila hilo halinifutii kosa. Sijui kama ningesema kama asingeshika simu.

Alfajiri tulirudi bondeni. Safari hii alizamisha chupa, akazifunga zikiwa ndani ya maji, zimejaa pomoni. Kwenye kona ile ile mikono iliniwasha. Nikapunguza mwendo, nikapita.

Nyumbani alizipindua moja moja akitafuta kiputo cha hewa. Kumi na moja zilikuwa safi. Moja ilikuwa na kiputo.

"Hiyo sikuigusa," nikasema.

"Najua, mjomba." Akaiandika kwamba imevuja, akaiweka kando.