Samaki wa Bihar Kwenye Majlisi Yetu

Wiki moja kabla ya wageni kuja kumposa binti yangu, nilimwita fundi rangi kutoka India aje kupaka majlisi yetu, chumba cha wageni, hapa Ibra. Tulikubaliana rangi ya krimu, kuta zote nne. Nikaenda zangu kazini, nikamwacha na mama yangu, ambaye alitoka Unguja msichana na mpaka leo anaamini anajua Kihindi, kwa sababu ya sinema alizoziona huko.

Niliporudi alasiri, kuta tatu zilikuwa krimu. Ya nne imejaa samaki. Samaki wakubwa, macho ya duara, wekundu na weusi, wanazunguka ua la yungiyungi, na baina yao majani na nukta hata pa kuweka kidole hapana. Fundi amechuchumaa na kijiti chake, mama yuko kwenye kiti anamwelekeza.

Nikauliza nani kaamuru. Mama akaniambia niamkie kwanza. Nilipokwisha kumpa shikamoo, ndipo akanieleza. Fundi alipopumzika kula alikuwa akichorachora juu ya boksi. Mama akamwuliza kwa Kihindi chake. Neno walilofahamiana vizuri lilikuwa "rangi", maana ni lilelile kwao na kwetu. Mengine waliyamaliza kwa Kiarabu cha sokoni na kwa mikono. Kwao Bihar, wanawake huchora kuta pakiwa na harusi, na samaki ni kuwaombea heri maharusi. Yeye alifundishwa na bibi yake.

"Na babu yake alifungwa na Waingereza," mama akaongeza, kama kwamba hapo maneno yamekwisha.

Babu huyo alikuwa katika vijana waliokata nyaya za simu wakati wa kudai uhuru. Alipokuwa gerezani, askari wawili walikwenda kupekua nyumba wakitafuta karatasi zake. Walimkuta bibi anachora ukuta, wala hakuinuka. Bibi akamshikisha mmoja kibakuli cha manjano, mwengine cha masizi. Karatasi zilikuwa chini ya mkeka waliosimama juu yake. Wakaondoka na rangi mikononi, basi.

Nilicheka, lakini hofu ilinishika. Baba wa bwana harusi ni mzee wa Nizwa, mkali wa dini, hapendi picha za viumbe. Nikamwomba fundi apake krimu juu ya samaki.

"Akifuta, kwenye posa mtakaa wenyewe, mimi simo," mama akasema.

Nikatundika pazia.

Siku ya siku, wageni wako kwenye halua na kahawa, mama akainuka polepole akalivuta pazia. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaanza kuhadithia kwa Kiarabu, na kwenye hadithi yake askari walikuwa arobaini, wamepanda farasi. Mzee wa Nizwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hawakurudi kumkamata yule bibi. Mama hakujua. Ikabidi fundi apigiwe simu palepale. Akajibu kwamba mmoja alirudi, bila sare, kumwomba bibi amchoree ukuta kwa harusi ya dada yake.

Mzee alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

"Samaki hawa hawafanani na samaki yeyote aliyeumbwa," akasema. "Sina neno nao."

Posa ikapita. Mama sasa anataka tausi jikoni. Nimekataa katakata, na fundi anakuja Jumamosi.