Mafuta ya Udongoni Hayapiki Uji

Subira yangu ilikatikia mbele ya mlango wa mashine ya kusaga, Jumamosi asubuhi, wewe ukiwa mgongoni kwangu unalia njaa. Naikumbuka siku ile, mwanangu Mumbere, kama ninavyoikumbuka siku niliyokuzaa, na naiandika kwa ajili yako na ya wenzako wote mtakaokuja kusoma. Usiseme mama bado kijana, mbona anatoa nasaha kama koko, bibi kizee. Vita inazeesha. Mtu aliyelea mtoto Butembo miaka hii ameota mvi za ndani.

Mashine ilikuwa ya Papa Kambale, hapa kwetu Vulamba, na ilikunywa masuti, yaani dizeli. Masuti ilitoka Uganda kwa malori, kupitia mpakani Kasindi. Wenye bunduki walipofunga barabara malori yalikoma, mashine ikanyamaza, na sisi wanamama tukabaki na mabeseni ya mihogo mikavu iliyoanza kuingia wadudu. Tulitwanga, ndiyo. Lakini hebu twanga na mtoto mgongoni, umetoka shamba la mbali, uone kama unga utatosha hata chakula cha jioni. Maziwa yangu yalikuwa yamepungua. Wewe ulitaka uji.

Sasa sikia upuuzi. Chini ya mtaa wetu kuna kijito, kinapiga kelele usiku na mchana. Kule Vuhovi, kwa shangazi yangu, nilikuwa nimeona kwa macho yangu gurudumu la chuma linalozungushwa na maji, linasaga kutwa bila tone la mafuta. Nilipoleta habari hiyo, mtaa mzima ulikubali. Wachomea vyuma wa mjini walitutengenezea gurudumu kwa mabaki ya lori, na kila Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tulichimba mfereji. Kilibaki kipande kidogo tu. Ndipo Shefu Kasereka, mkubwa wa mtaa, aliposikia uvumi kwamba malori yanarudi. Akahamisha salongo: kila mtu barabarani, kujaza mashimo kwa mawe, masuti isije ikakwama. Jumamosi ikapita, na nyingine, na nyingine. Mashimo yakajaa. Lori halikuja.

Asubuhi ile, sisi wanamama tukitwanga mbele ya mashine iliyonyamaza, akaja tena, filimbi shingoni.

“Banamama, leo tena ni barabara. Masuti iko njiani.”

“Shefu, ni njia gani hiyo haiishake?” nikamuuliza. Watu wakacheka.

“Mama Mumbere, wewe ulisoma. Hapana jua Kongo iko na mafuta yake mu udongo, kule ku ziwa? Vita ikiisha batayitosha inje. Tutakuwa nayo mpaka ya kunawa mikono! Donc, mufereji ni ya nini? Ile ni kazi ya bamasikini.”

“Mafuta ya mu udongo inapikaka uji? Mutoto yangu iko ku mugongo, hapana mu udongo. Unataka aende mu udongo kuyifwata?”

Hapo hakuna aliyecheka. Nilinyakua mchi wa jirani, nikamwendea. Naam, nilitaka kumpasua. Mkono ukanishika kifundo cha mkono, mkavu na wenye nguvu. Ulikuwa mkono wa bibi yako, mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe hajawahi kupandisha sauti.

“Weka chini,” akasema. “Ukimupiga, kesho batu batasema juu ya kichwa yake. Mufereji batasahau. Hasira yako ni moto muzuri, mukamwana, lakini moto bila chungu hapana ivisha kitu.”

“Nifanye nini basi, mama?”

“Jembe yako iko wapi?”

Nilikasirika zaidi, maana alikuwa na haki. Nikachukua jembe, nikateremka kijitoni bila kumtazama mtu. Sikuita yeyote. Nilipoinua kichwa, wanamama walikuwa wamejipanga kando yangu, sketi zimekunjwa, wengine wakinitania: “Mama wa mufereji, usichimbe mpaka Uganda!” Papa Kambale naye, aliyechoka kulinda mashine iliyolala, akapakia kinu cha mashine yake juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao, akakiteremsha akikishikilia kwa nguvu zote kisije kikamponyoka. Kule juu barabarani filimbi ililia peke yake mpaka ikachoka.

Maji yalipoingia mferejini yalikuja kwanza na majani na povu chafu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Kisha yakawa meupe. Gurudumu lilipofungwa kwenye kinu, siku chache baadaye, likasita, likakohoa, likazunguka. Unga ukatoka, wa moto mkononi. Ulikunywa uji ukalala na kijiko mdomoni. Mimi nikakaa chini pale pale penye matope. Kumbe mabega yangu yalikuwa yamepanda hadi masikioni miezi yote ile. Nilijua siku yaliposhuka. Bibi yako akacheka kimyakimya, akanikokota kwenda kulala.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nchi inayongoja mafuta ya mpaka wa jirani ni maskini hata ikiwa na dhahabu. Mafuta ya kwetu nayo, siku yakitoka, yatakuwa na siku ya kwisha. Sisemi tuyachukie. Kijito hakisukumi lori, na wakati wa kiangazi kinakonda kama sisi. Lakini masuti tuliyokuwa tukisagia mihogo, ndiyo iliyokosekana kumpeleka mgonjwa hospitali. Kinachoweza kufanywa na maji, kifanywe na maji; mafuta yawekwe kwa lile ambalo hakuna kingine kitakacholifanya. Na maandalizi yafanywe malori yakiwa bado yanapita, mtoto akiwa bado ameshiba, kwa sababu hakuna anayeezeka nyumba vizuri mvua ikimpiga machoni. Sisi tulichelewa. Ninyi msichelewe. Mungu akukuze, akupe maji karibu na mlango wako, na akili ya kuyatumia kabla ya shida.

Lakini shefu hakukubali kushindwa. Kwetu, anayekosa salongo hunyang'anywa kitu, beseni au jembe, hadi ajieleze. Akapita nyumba kwa nyumba akakusanya majembe ya wanamama wote, akayafungia ofisini kwake. Safari hii sikushika mchi. Nilishika kalamu, nikaenda komini, kwa mkubwa wa mashefu wa mitaa. Majembe yalirudi siku ileile. Haya ndiyo niliyoandika:

“Kwa Bwana Mkubwa wa Komini. Mimi, mama wa Mumbere, mkaaji wa Vulamba, namshtaki mkubwa wa mtaa wetu. Amekamata majembe yetu akisema tulikosa salongo. Hatukukosa. Tulikuwa kijitoni, matope magotini, na kazi tuliyofanya inasaga unga mpaka sasa. Nyumbani kwake pia wanaula. Tunaomba majembe yarudi leo, kwa sababu mfereji unajaa mchanga na mvua iko karibu. Tunaomba watu wa salongo wagawanywe, barabara ipate watu wake, na maji pia yapate watu wake. Serikali ikitaka kuchimba mafuta ya ziwani, ichimbe, lakini isituambie tuyangoje na watoto wenye njaa. Mimi na wenzangu tuko nje ya mlango wako. Tumekuja na unga, sufuria na kuni. Usipofungua, tutapika hapahapa.”